Mikono Isiyooshwa

Jumatatu baada ya maziko ya Lucien, mwenzao wa kazi, chombo cha kujenga programu kilijenga kila kitu upya, ingawa hakuna aliyekuwa amebadilisha hata herufi moja.

Kwa kawaida chombo hicho ni mtumishi mvivu mwenye akili. Hujenga upya faili lililoguswa, pamoja na yale yanayolitegemea. Mengine huyaacha yalale. Lakini asubuhi ile, katika ofisi ndogo ya mtaa wa Bel-Air walimokuwa wakiandika programu ya duka la dawa la hospitali moja, hakikuacha kitu. Edith, mmoja wa waandishi wa programu hiyo, aliamuru, kikajenga vyote. Akaamuru tena bila kugusa lolote. Kikajenga vyote tena.

"Inarudia kukompilé yote," alisema. "Juu ya nini?"

"Saa ya machine," alijibu Floribert, patron wao na mwenye ofisi, bila kuinua kichwa. "Courant ya umeme ilikatika, saa ikapotea. Sababu njo ile tu."

Edith alirekebisha saa. Akakata mtandao. Akayafunga mafaili yote yasiweze kuandikwa. Mwishowe akakiamuru chombo kitaje sababu ya kila kinachofanya, nacho kikataja moja tu: faili la msingi lilikuwa jipya kuliko kilichojengwa kutokana nalo. Faili hilo aliliandika Lucien, na programu nzima ilisimama juu yake. Lilikuwa limeguswa dakika ileile.

Rabia, mdogo wao kazini, aliyekaa karibu na dirisha, alijifunika pua kwa mtandio.

"Yaya Edith," alisema, akimwita kama dada yake mkubwa, "unasikia harufu?"

"Ya nini?"

"Udongo. Udongo ya kaburi." Kisha akanong'ona, "Siku ile hatukunawa."

Huku Lubumbashi, atokaye makaburini haingii popote kabla ya kunawa katika beseni linalowekwa kwenye mlango wa matanga. Siku ile Floribert aliwaomba walipite beseni hilo: hospitali ilikuwa ikingoja, na kazi ile ikipotea wangefunga ofisi. Tusimlaumu upesi, mwenye hofu ya kukosa kesho huona beseni la maji kama kizuizi tu. Walitoka makaburini wakaja moja kwa moja kukaa mbele ya kompyuta, na udongo waliomtupia Lucien ukiwa bado kwenye kucha zao. Aliyefungua faili lake kwanza, ili amalizie alipoachia, alikuwa Edith.

Jumanne, adhuhuri, jua likiwaka uani, walisikia vibonye vikibonyezwa polepole, kimoja kimoja, kwenye kibodi ya Lucien, ambayo waya wake ulikuwa umechomolewa na kuzungushwa juu yake. Floribert alicheka kwanza, akatafuta la kusema.

"Hata kwangu kuna maajabu. Leo mama alinifukuza ku nyumba. Ati mimi ni mugeni, nimuonyeshe mutoto wake iko wapi. Uzee, bwana!"

Rabia hakucheka. Edith aliacha kuandika, kwa maana mama yule mzee hakuwa na mwingine wa kumtegemea ila Floribert, na yeye mwenyewe, Edith, alikuwa na Bénie, binti yake wa miaka sita, asiye na baba, ambaye asubuhi ileile, alipokuwa akimsuka, alimtazama kwenye kioo kwa muda mrefu kabla ya kumwita mama.

Jioni Rabia alimleta mjomba wake, Mwalimu Moustapha, mzee wa asili ya Maniema anayesomea wenye majini. Alisimama mlangoni, akavuta pumzi mara moja, akakataa kiti.

"Jini ya makaburi haina nyumba," alimwambia Edith kwa sauti ya chini. "Inafuata mukono yenye udongo. Wewe haikutaki, mama. Inataka ule anayekutegemea. Inamubomoa pole pole, inamujenga kuwa yake. Bote baligusa udongo banawe pamoja, mu beseni moja, leo leo, mbele jua izame."

"Mimi ni ingénieur, Mwalimu," alisema Floribert, Rabia alipoleta beseni la maji. "Mukristu tena. Ninawe hapa sawa na mutoto?"

"Nawa, patron," Edith alimsihi. "Kwa ajili ya Bénie. Ninakupigia magoti."

Floribert aliyatazama maji. Huenda hakuwa na kiburi. Huenda aliona kwamba akinawa atakuwa amekiri kuwa mama yake hakuchanganywa na uzee, bali na yeye mwanawe, na hilo hakuweza kulibeba. Alichukua funguo zake, akatoka.

Edith na Rabia walinawa wawili tu, Mwalimu akisoma juu ya vichwa vyao, na maji yakawa mekundu kama udongo wa makaburini, mekundu kuliko mikono ya wanawake wawili wasiolima ingeweza kuyafanya, na harufu ikapanda mpaka wakakohoa, kisha ikakatika ghafla, kama mlango uliofungwa. Edith aliikimbilia kompyuta, akaamuru. Chombo kilitulia, kisha kikajibu kwamba hakuna cha kujenga.

"Imekwisha!" Rabia alilia, akamkumbatia. "Yaya, imekwisha!"

Edith naye alilia kwa furaha, akakimbia barabarani, akapanda taksi, na ilikuwa njiani, dereva akizungumza juu ya mvua, jua likizama nyuma ya paa za mabati, ndipo alipokumbuka jambo analolijua kuliko kazi zake zote, jambo alilowahi kuwafundisha wanafunzi wa chuo kikuu kule Kasapa: kwamba chombo kile husema hakuna cha kujenga pale tu kila kilichotakiwa kujengwa kinapokuwa tayari kimejengwa.

Bénie alifungua mlango. Nywele zake zilikuwa zilezile alizosukwa asubuhi. Alimtazama Edith kwa adabu, kama mtoto aliyelelewa vizuri anavyomtazama mgeni, akamvutia kiti.

"Bonsoir, madame," alisema. "Mama yangu hayafika. Ikala, umungoje."

Edith akakaa, akamngoja.