Kisima Kilichovuka Mpaka

Alfajiri ile, kama alfajiri zote, Redio alikuwa kwenye foleni ya bomba la mtaa, ndoo mbili mkononi na mdomo ukienda. Jina hilo alibandikwa na wenzake kwa sababu alikuwa haishiwi maneno.

"Leo mwisho!" aliwatangazia watu wa mbele na wa nyuma. "Mjomba wangu anafika kwenye maji leo. Kesho mtaniona hapa? Thubutu! Nitakuwa nimelala fofofo!"

Furaha yake ilikuwa na sababu. Foleni hiyo ilikuwa imemchelewesha shule mara tisa muhula ule, na mwalimu alishamwonya kuwa akichelewa mara ya kumi atasimamishwa. Ndipo mjomba wake, mchimba visima, akaja kuwachimbia kisima uani.

Aliporudi kutoka shule mchana, mjomba alikuwa tayari chini, na mama yake yuko mdomoni mwa kisima akivuta ndoo za udongo. Kazi ya Redio ilikuwa kuhesabu mafundo ya kamba aliyojifunga mjomba kiunoni, fundo moja kila mita. Mafundo manane yalifika chini. Udongo ulikuwa umelowa, lakini maji hata tone! Mjomba akafanya wafanyavyo wachimbaji: akaufuata unyevu ubavuni, akitoboa njia ya kutambaa. Kamba ikazidi kumezwa. Tisa, kumi, kumi na moja...

Alipofika fundo la kumi na tano, mpira wa mdogo wake ukaruka ua na kutua kwa jirani. Lo, na jirani mwenyewe! Alikuwa mpima ardhi mstaafu, na watoto walimwita Mzee Bikoni kwa kuwa kila Jumamosi alizifuta vumbi bikoni, yale mawe ya mpaka wa kiwanja chake, kwa kitambaa. "Hewa iliyo juu ya kiwanja changu ni yangu," alizoea kuwakaripia. "Mpira wenu umepita bila ruhusa!"

Mama akaipokea kamba, na Redio akapenya uani kwa jirani akinyatia. Alipoinama kuokota mpira, akasikia kitu chini ya nyayo zake. Gu! Gu! Gu! Akalaza sikio ardhini. Lilikuwa sururu la mjomba!

Hajapata hata kushangaa, sauti ikatoka kisimani kwao: "Maji! Dada, maji!"

Redio alirudi mbio. Mjomba alipanda juu matope tupu, meno tu ndiyo yanaonekana, akicheza bila ngoma. Mama alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. Mama alipokimbilia jikoni kuleta ndoo safi, Redio alimnong'oneza mjomba alichokisikia. Mjomba akaacha kucheza. Akapima kwa hatua kutoka kisimani hadi kwenye ua wa mpakani: mita nne. Na ubavuni alikuwa amechimba mita saba.

"Masikini mimi! Nilidhani naelekea jikoni kwenu. Kule chini hujui hata jua linachomozea wapi."

"Tumwambie mzee, mjomba."

"Tutamwambia, lakini taratibu. Akijua leo, kisima kitafukiwa leo. Funga mdomo kidogo, mpwa wangu."

Redio akaufunga. Haikuwa kazi rahisi, maneno yalikuwa yanamwasha.

Asubuhi iliyofuata, siku ya Jumamosi, kwa mara ya kwanza, hakwenda bombani. Raha iliyoje! Mjomba alikuwa ametoka kwenda kutafuta roda ya kuvutia ndoo, na Redio alikuwa anaanika nguo, aliposikia sauti za wanaume kwa jirani. Akachungulia. Mzee Bikoni alikuwa amesimamisha vigingi vinne, na wafanyakazi wawili wameshika masururu.

"Shimo la choo, mita saba kwenda chini," mzee aliwaambia. "Anzeni hapa hapa."

Hapa hapa palikuwa pale pale Redio alipolaza sikio.  Akisema, kisima kitafukiwa, yeye atarudi kwenye foleni ya bomba, na akichelewa tena shule atasimamishwa. Asiposema, watu wale watachimba juu ya tundu bila kujua, na ardhi inaweza kuporomoka nao. Wakinusurika, choo kitavujia ndani ya maji yao ya kunywa. Sururu la kwanza likapanda juu.

"Simameni!" Redio alipiga kelele hadi nguo za kuanika zikamdondoka mikononi. Akaruka ua, akajitupa katikati ya vigingi. "Chini yenu pana tundu! Ni letu! Samahani, mzee, ni kisima chetu, kimeingia kwako!"

Mzee Bikoni akavua miwani. "Chini ya kiwanja changu? Bila hodi?"

Mama alitoka mbio, kanga mkononi. Mjomba naye akaingia na roda yake begani, akaona, akaelewa. "Kosa ni langu, mzee," alisema. "Mtoto alitaka kusema jana. Mimi ndiye niliyemziba mdomo."

 Mzee aliingia ndani, akatoka na utepe wa kupimia, akapima kutoka mpakani hadi kwenye vigingi. 

"Mita tatu kamili," alisema. "Mmeingia kwangu sawasawa na mtu aliyeruka ua."

"Kwani kiwanja kina chini?" Redio aliuliza kwa woga.

"Kina chini na kina juu. Juu ni pale ninapoweza kupatumia: paa langu, mti wangu. Ndege ikipita mbali huko, sina la kusema."

"Na mpira je?"

Mzee akakohoa. "Mpira... nilikuwa nawatisha tu. Na huko chini si kwangu hadi mwisho wa dunia. Sheria yetu inasema madini ni ya nchi nzima. Maji yanayopita ardhini nayo si ya mtu mmoja. Lakini mwenzio hachimbi njia chini ya kiwanja chako bila kukuuliza."

"Basi kisima kinafukiwa?" Machozi yalishamlenga.

"Nani kasema? Zinazofukiwa ni mita tatu zangu. Nne ni zenu."

Kutwa nzima mjomba na wale wafanyakazi walishusha mawe na udongo wa mfinyanzi, wakaziba hadi penye mpaka. Mzee alihamisha vigingi vyake hadi pembe ya mbali kabisa, ili choo kisichafue maji. Kisha wote wakakizunguka kisima wakisubiri unyevu uchuruzike kwenye mita nne zilizobaki. Je, maji yatarudi? Mama alishusha ndoo. Ikagonga chini, ko! Akangoja, akaishusha tena.

Chubwi!

Redio alipiga kigelegele, mjomba akambeba juu juu, mama akamkumbatia mzee bila kujijua. Mzee akarekebisha miwani, akamgeukia Redio.

"Miaka thelathini nimepima viwanja vya watu," alisema, "na sikujua kwamba changu kimeingiliwa. Wewe ungenyamaza, nisingejua kamwe, mpaka watu waumie. Sikia, binti yangu: mali ya mwenzio ni yake hata pale ambapo jicho lake halifiki. Kuiheshimu akiwa anaangalia, kila mtu anaweza. Wewe umeiheshimu akiwa haoni, na ulikuwa na cha kupoteza. Huo ndio uaminifu."