Nilimsema Mama Godelieve Kwenye Spika

Nina miaka ishirini na tisa, ni Mkongo wa Kivu Kusini, na naishi kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Msinionee huruma. Nikimaliza kusimulia mtakuwa mmeshanichukia, na haki mtakuwa nayo.

Kazi yangu ilikuwa kusoma matangazo kwenye redio ya spika pale sokoni. Mtoto aliyepotea, siku ya chakula, saa ya misa... kila tangazo mara tatu kwa siku. Ile maiki niliipenda kuliko mtu yeyote!

Mama Godelieve, Mrundi, ndiye aliyenipokea nilipofika kambini sina hata sufuria. Nililala kwake msimu mzima wa mvua. Mwaka jana akagombea uenyekiti wa kijiji chetu, na kila mtu alijua atashinda.

Wiki ya uchaguzi hakuonekana siku nne. Bosi wangu, Dido, akaniletea karatasi: mgombea Godelieve ameonekana mpakani Kikagate, yuko njiani kurudi Burundi kulima shamba lake. Kwetu wakimbizi hakuna tusi kubwa kuliko hilo. Anayerudi kwao kisirisiri huitwa mwongo anayekula chakula cha wenzake, na hati yake ya ukimbizi inaweza kufutwa.

Nilimuuliza Dido ni nani aliyemwona. Akakunja uso.

"We soma tu," alisema. "Batu benyewe ndio batachagua."

Mgombea wa pili alikuwa shemeji yake Dido. Mlidhani sikujua? Nilijua. Namba ya Mama Godelieve nayo ilikuwa kwenye simu yangu. Dakika moja tu ingetosha... Sikumpigia, kwa sababu niliogopa maiki angepewa mwingine. Nikasoma asubuhi, mchana na jioni, kwa sauti yangu tamu kabisa.

Huku hatupigi kura kwa karatasi. Wagombea wanasimama uwanjani, na unayemtaka unapanga mstari nyuma yake. Siku ile mstari wa shemeji yake Dido ulifika mpaka barabarani.

Nyuma ya Mama Godelieve walisimama wanawe wawili na mumewe, mzee wa watu, jicho limefungwa bandeji. Hapo ndipo nilipoelewa. Zile siku nne alikuwa mjini Mbarara, hospitali ya misheni kule Ruharo wanakopelekwa wagonjwa wa macho, mumewe akipasuliwa jicho!

Waliowahi kula ugali wake walikuwa wanatazama chini. Na mimi je? Nilikuwa kwenye mstari mrefu, pamoja nao.

Nilimwomba Dido turekebishe. Akasema redio ikijikosoa itachekwa. Nikanyamaza wiki tatu. Katika wiki hizo Mama Godelieve aliitwa ofisi ya wakimbizi kuhojiwa mara mbili, aeleze hilo shamba la Burundi liko wapi. Kwenye meza yake sokoni, alikouza ndagala, yaani dagaa, hakusimama mnunuzi, na wanawake walikuwa wakipita wanacheka.

Mwishowe nikaenda kwake. Nilifunga mlango wa jikoni, nikapiga magoti, nikalia. Yeye aliendelea kuchambua maharage. Nilipotulia akaniuliza kama namba yake ya simu ilikuwa imenipotea. Nikasema hapana.

"Ulinitukana mbele ya soko yote," alisema. "Musamaha unaniletea huku jikoni, na mlango umeufunga."

Nikainuka, nikaufungua mlango, nikatoka.

Kesho yake soko lilipojaa nilisoma karatasi niliyoiandika mwenyewe. Nilisema tangazo lile lilikuwa uongo, mama alikuwa hospitali na mumewe, mimi sikumuuliza, na aliyenipa karatasi ni shemeji wa aliyeshinda. Nikairudia mara ya pili. Kabla ya mara ya tatu Dido akakata umeme.

Nikashuka katikati ya meza za nyanya, nikaimaliza ya tatu kwa mdomo mtupu. Walinizomea! Kazi ikaisha siku hiyo hiyo. Mwenyekiti ni yule yule, na salamu yangu Mama Godelieve haitikii mpaka leo.

Wewe mwenye maiki, wewe unayetuma sauti kwenye magrupu ya simu, nakusihi: kabla hujamtangaza mtu, mpigie yeye kwanza. Usingoje uone bandeji.

Na ninyi majirani zangu wa mstari mrefu, kama mnasoma hapa, msijifanye watakatifu. Namba yake hata ninyi mlikuwa nayo.