Ringi Zilizonuka Uji

Gari lilianza kwa kunuka uji.

Si petroli, si mpira mpya, wala jasho la Andwele ambalo mkewe Rozina alikwisha kulizoea. Uji wa ulezi, tena uliolala siku nyingi kwenye chombo kisichofunikwa, ukachacha, ukafanya utando wa kijivu. Jumapili hiyo walikuwa wamevaa vizuri waende kanisani na binti yao Atupele. Rozina alifungua mlango wa mbele, harufu ikampiga usoni, akaziba pua kwa ncha ya kitenge.

"Baba Atupele, nani katapika humu?"

"Hajatapika mtu. Ni harufu ya vyuma vipya."

"Tangu lini chuma kikanuka uji uliochacha?"

"Mama Atupele, wewe una jiko lako. Mambo ya gari niachie mimi."

Haya, akamwachia. Wakaenda kanisani vioo vikiwa wazi, na baridi ya Sumbawanga mnaijua, mtoto akitetemeka kwenye mapaja ya mama yake.

Na hilo gari nalo, jamani! Lilikuwa Kotina GT kuukuu lililowahi kukimbia mbio za magari enzi zake, Andwele kauziwa na Mhindi mmoja wa Mbeya aliyekuwa akifungasha kuondoka nchini. Andwele alikuwa bwana mifugo, mtu wa Tukuyu aliyehamishiwa Rukwa. Wenzake ofisini walipanda baiskeli na kupokezana Landrova ya serikali. Yeye peke yake alikuwa na kitu kinachonguruma hadi vioo vya nyumba za jirani vinacheza. Lakini tairi zake zilikuwa ndogo, na tope la Ufipa halina adabu. Ndipo alipozipata ringi za aloi, kubwa, pana, zinang'aa, akazileta kutoka Mbeya ndani ya gunia na kuzifuta vumbi kwa shati lake la kazini. Rozina aliona kwa macho yake. Shati la kufuta kamasi za mtoto hakuwahi kulitoa, la kufuta ringi alilitoa.

Ringi hazikukubali. Zilikuwa na matundu matano, na habu za Kotina, pale ringi inapofungwa, zina bolti nne. Fundi Leonsi, Mfipa mwenye gereji nyuma ya soko, alimweleza kwamba zinahitaji pleti nene za kuunganisha katikati, na madigadi lazima yakatwe ili tairi kubwa zipate nafasi. Kukata si kazi. Pleti ndiyo kazi, maana aluminiamu ya kuyeyusha na kusubu angeitoa wapi wakati hata sufuria ya kuchemshia maziwa haikuonekana dukani? Andwele akasema aluminiamu ataitafuta mwenyewe. Wakaondoka yeye na fundi asubuhi, wakarudi jioni, na wiki iliyofuata Kotina likasimama juu, limetanua miguu, watoto wa mtaa wakalishangilia.

Baada ya Jumapili ile, Rozina aliliosha kwa sabuni ya magadi. Akasugua viti, akasugua sakafu, harufu ikabaki palepale. Ndipo alipoinama kwenye tairi ya mbele akaona inakotoka. Kati ya ringi na ile pleti ya Leonsi palikuwa panavuja kitu kizito, rangi ya majivu yaliyoloa, kinashuka polepole kama kamasi za mtoto mwenye mafua. Aligusa kwa kijiti. Kijiti kikatoka na uzi mrefu wa mvi.

"Grisi," alisema Andwele alipoitwa.

"Grisi ina nywele?"

"Barabarani tunakanyaga mengi." Lakini hakuinama kuangalia, na Rozina aliliona hilo.

Kisha ikaja sauti. Tairi zikikwaruza madigadi, Andwele alieleza, ni kawaida kwa gari lililobadilishwa ringi. Leonsi atayakata zaidi kidogo. Sawa. Ila mchana mmoja Rozina anaanua nguo uani, Andwele yuko kazini kaenda na Landrova, Kotina limeegeshwa ukutani na funguo ziko juu ya kabati, akalisikia linakwaruza. Lilikwaruza, likatulia, likakwaruza tena, na katikati ya mkwaruzo na mkwaruzo palikuwa na sauti ya mate, sauti ya mtu mzee asiye na meno mengi anayetafuna akiwa amefumbua mdomo. Kuku wa jirani alikuwa amekwenda kudonoa chini ya bampa. Rozina aliyaona manyoya yake tu.

Hapo alitaka kukimbia, na angekimbia, lakini ikampitia kichwani kwamba Atupele alikuwa akicheza nje.

Mtoto mwenyewe alikuwa na siku kadhaa hali chakula. Ugali hataki, ndizi hataki, maziwa anageuza uso. Zahanati walisema minyoo, wakampa dawa, akaitapika. Mikono ilikuwa imebaki mifupa, ila tumbo lilikuwa limejaa, gumu, na akipiga miayo pumzi yake ilimfanya mama yake ageuze kichwa, halafu aone aibu kwa kugeuza kichwa mbele ya mwanawe mwenyewe.

Akazunguka gari. Atupele alikuwa amechuchumaa kwenye tairi ya nyuma, mikono imezama ndani ya madigadi hadi viwiko, na alipoitoa ilikuwa imejaa ule uji wa kijivu, unadondoka kwenye magoti yake, una funza weupe wanaojinyonganyonga, una vipande vya kucha, una kitu kigumu ambacho mtoto alikitema kwa ustadi kama anavyotema mbegu ya pera, na kikagonga jiwe, na Rozina akaona ni jino la mtu mzima lenye weusi shinani. Mtoto akalamba kiganja. Akalamba na katikati ya vidole, taratibu, asipoteze kitu.

"Atupele! Mwanangu, unafanya nini?"

"Nakula na wenzangu," alisema mtoto, akasogea kidogo, jinsi mtu anavyosogea kumpisha mwingine kwenye sinia.

Rozina alimnyakua, akamtia kidole kooni, akamtapisha mpaka mtoto akatoa nyongo. Kisha akatapika yeye. Akamfunga mgongoni, akaenda gereji kwa miguu, hakuaga mtu.

Leonsi alipomwona tu, alijua. Alikuwa ananawa mikono kwa mchanga na petroli, na ngozi ilikuwa imechubuka kwa kunawa.

"Mimi nilimwambia bwana," alisema kabla hajaulizwa.

"Ulimwambia nini, fundi? Nieleze mimi sasa."

Leonsi akachungulia nje, akashusha sauti. "Tulikwenda kwenye mahame, mbele ya Mwazye. Watu walihamishwa wote kwenye Operesheni, wakapelekwa kijiji cha ujamaa. Makaburi yakabaki. Kwa desturi ya pale, mtu akifa chombo chake cha kulia kinawekwa juu ya kaburi, kinatobolewa kitako ili mzima asikitumie. Sufuria, bakuli, vikombe. Nikamwambia, bwana, hivi vina wenyewe. Akacheka. Akasema kijiji kimehama, mali isiyo na mwenyewe ni ya taifa."

"Mkaziyeyusha."

"Zilikuwa na makoko ya chakula ndani, mama. Sikuyasugua. Nilidhani moto utasafisha. Zilipoyeyuka, povu lilipanda juu likanuka nyama ya mtu aliyeungua. Tangu siku hiyo mikono yangu hainishikii hata tonge."

"Ni jini?" Rozina alinong'ona.

"Jini lingekuwa moja. Yale makaburi yalikuwa mengi."

Andwele hakubisha. Kesho yake asubuhi Rozina alimsimamisha mlangoni na kofia yake ya kazini kichwani, akamwambia kwa sauti ya chini kabisa, sauti ambayo hakuwahi kumtolea tangu ndoa: "Mwanangu anakula na maiti kwa ajili ya ringi zako. Washa gari." Akawasha.

Walitoka kwenye ukungu wa asubuhi ile, wakampitia fundi, ringi za zamani zimerundikwa kwenye buti, Leonsi amekaa mbele, Rozina nyuma na mtoto. Mvua ya rasharasha ilikuwa inanyesha na vioo havikuweza kufunguliwa, na humo ndani ile harufu ilikaa juu ya ndimi zao hata wakaacha kumeza mate, na chini yao magurudumu yalikuwa yanatafuna njia nzima, yanatafuna kwenye mlima na kwenye tambarare, yanatafuna hata pale Andwele aliposimama kupisha ng'ombe, na kila yalipotafuna taya la Atupele lilitafuna nayo, mdomo mtupu, macho yametulia, mate ya kijivu yanamdondoka kidevuni yakilowesha kifua cha mama yake, na mama yake akiyafuta kwa kiganja kitupu kwa sababu kitenge kilikuwa kimeloa chote.

Kwenye kile kijiji cha ujamaa waliulizia mwenye makaburi, wakaonyeshwa nyumba ya Bibi Bertilla, kikongwe mwenye rozari shingoni na ulimi mkali. Wengine walimwita mganga. Yeye aliitikia siku akijisikia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mmeniletea uvundo gani mlangoni?"

Leonsi akamweleza kwa Kifipa, ameinamisha kichwa. Bibi alisikiliza, akamtazama Andwele kuanzia viatu hadi kofia, akatema mate pembeni.

"Sisi wazima tulipakiwa kwenye lori na magodoro yetu," alisema. "Wafu, nani aliwapakia? Kila mavuno tulikuwa tunawapelekea chakula. Sasa ni mbali, na magoti yangu yamekufa. Wana njaa, bwana mkubwa. Wewe ukawachukulia hata sahani! Mume wangu umemfungia kwenye gurudumu, unamzungusha kwenye matope. Mchuma janga hula na wa kwao, ndiyo hayo."

Andwele alipiga magoti, na suruali yake nzuri ikazama kwenye tope. "Nisamehe, bibi. Mtoto wangu."

"Msamaha hauli."

Aliwapeleka mahameni, wamembeba kwenye kiti cha mbele. Kuta zilikuwa zimeanguka, majani yamefunika njia, makaburi yamejipanga chini ya mvua. Leonsi na Andwele walipiga jeki, wakafungua nati, wakang'oa ringi moja moja. Kila pleti ilipotengana na habu ilitoa mlio wa mdomo unaoachia titi, na uji ukamwagika kwenye mikono yao. Wakaziweka pleti juu ya makaburi, na ringi za aloi pamoja nazo, maana Andwele hakutaka tena kuziona. Kotina likarudishiwa miguu yake midogo.

"Tumemaliza?" aliuliza Andwele.

"Nyie mmemaliza. Mtoto bado." Bibi Bertilla akainua pleti moja. Katikati yake, kwenye shimo la habu, palikuwa pamejaa hadi ukingoni, na ule uji ulikuwa unapanda na kushuka taratibu. "Aliyeanza sahani yao lazima aimalize, na akiimaliza anakuwa mtu wao. Asipoimaliza watamfuata. Lakini mtu wa damu yake anaweza kummalizia. Mmoja wenu ale. Asitapike. Akitapika, chimbeni kaburi la mtoto hapa hapa."

Andwele alichukua kiganja kimoja, akakileta mdomoni. Nywele zikagusa midomo yake. Koo lake likakataa lenyewe. Alikirudisha kwenye pleti huku anatokwa machozi, akainamia magoti akikohoa. "Siwezi," alisema. "Mama Atupele, Mungu wangu, siwezi."

Rozina alimtazama, na alimchukia, na hakuwa na muda wa kumchukia. Atupele alikuwa amelala mikononi mwake, taya linatafuna, kucha za miguu zimeanza kuwa za kijivu. Akampa Leonsi mtoto.

"Leta hapa," alisema.

Akala. Chakula kile kilikuwa cha vuguvugu, kama kimetoka mdomoni mwa mtu. Akahisi funza wakipasuka kwenye meno, akahisi kucha ikimkwaruza koo na mvi zikishuka moja moja zikimkaba, akameza, akachota, akameza, huku Bibi Bertilla akisali rozari kwa sauti na wanaume wawili wakitazama pembeni kwa kinyaa, na mvua ikimwosha uso wala isimfikie mdomoni, mpaka vidole vyake vikagonga chuma kikavu.

"Mama," alisema Atupele. "Nina njaa."

Walirudi nyumbani kwa bibi mbio. Ugali wa ulezi uliletwa na maharage, mtoto akaula kwa mikono miwili, akajipaka, akaomba tena, akaomba na maji. Pumzi yake ilinuka maharage tu. Andwele alilia mbele za watu bila kujificha. Leonsi alimega tonge, akalishika, akalitia mdomoni, akacheka peke yake.

"Na wewe ule, mama," alisema Bibi Bertilla, akamsogezea Rozina sahani. "Ondoa ladha ile."

Rozina akamega. Ugali ulikuwa mchanga mdomoni, maharage yalikuwa mchanga. Akameza kwa heshima.

"Kilikuwaje kile?" bibi aliuliza kwa sauti ya chini, akimtazama sana.

"Kichungu, bibi," Rozina alimdanganya.

Chini ya ukucha wa kidole chake cha shahada palikuwa pamebaki kitu kidogo, kijivu, kina unyevu. Alimwangalia mwanawe anavyokula, akamshukuru Mungu kwa moyo wake wote. Kisha akawageuzia watu mgongo, akakitia kile kidole mdomoni, akakinyonya mpaka kikawa safi.