Mega za Madame Edith

Kila asubuhi, kabla jua halijapanda, Keren Ngoie alikuwa ameshafagia uwanja wa nyumba yao na kuchota maji. Alikunywa chai kwa mkate, akavaa blauzi nyeupe na sketi ya bluu, akatoka mtaa wa Naviundu kwa miguu kwenda shuleni, mtaa wa Bel-Air. Hakuwahi kuchelewa. Alikuwa mtoto mwema; tatizo ni kwamba yeye mwenyewe alilijua hilo kuliko watu wote.

Darasa lao la sita lilionewa wivu na shule nzima. Mwalimu wao, Madame Edith, alikuwa amepata projekta kuukuu, akatundika shuka jeupe ukutani, na sasa sayansi na hesabu alizifundisha kwa video. Kompyuta ilipata intaneti kutoka kwenye simu yake, kwa mega, yaani bando la intaneti, ambazo wazazi walizichangia pesa. Keren ndiye aliyekaa kwenye kompyuta, maana vidole vyake vilikuwa vyepesi na Madame alimwamini. Hakuna mwanafunzi mwingine aliyeijua namba ya siri ya mtandao ule.

Mtihani wa kumaliza shule ya msingi ulikuwa unakaribia. Jumanne moja Madame Edith alianza somo la moyo. Pale kwenye shuka moyo mkubwa ulidunda, damu ikiingia upande huu na kutokea upande ule. Hata Emery, ambaye sijui kama amewahi kunyamaza tangu azaliwe, alikaa kimya. Ghafla moyo ukasimama, na kiduara kikaanza kuzunguka katikati ya shuka.

“Madame, moyo imekufa!” Emery akapiga kelele.

Mega zilikuwa zimekwisha. Zilikwisha hivyohivyo wiki iliyopita, na wiki ya kabla yake, ingawa Madame Edith alinunua za kutosha mwezi mzima. Safari hii uvumilivu ulimshinda. Alizima projekta, akashika kiuno.

“Kuna mutu hapa anakula mega yetu,” alisema. “Ni nani?”

Msichana mmoja akainua mkono. Alikuwa Abigaïl Masika, aliyefika mwaka huo kutoka Butembo, kule Kivu, ambako wazazi wake walikuwa na duka la jumla kabla ya vita kuwafukuza. Aliishi Naviundu kwa kaka yake mkubwa, Floribert, aliyemwita yaya, mwenye kibanda cha kuuza mega kando ya barabara.

“Madame, simu yenu inaweza kuonyesha ni simu ngapi ziliingia kwenye mtandao. Mutazame pale kwenye…”

Hakumaliza. Emery alikuwa ameshasimama.

“Munasikia? Anajua bintu yote ya mega! Yaya yake anauzisha mega. Huyu njo anaiba, na yaya anauzisha!”

“Mi sikuiba kitu,” Abigaïl alisema.

“Bantu ya Kivu bote iko ba commerçants,” sauti ikatoka nyuma, kana kwamba kufanya biashara ni wizi, na darasa likacheka.

Nawaonea aibu, lakini nitasema yote. Neno lililomzika Abigaïl halikutoka kwa Emery. Lilitoka kwenye kiti cha mbele, kwa sauti ya upole, kwa mtoto mwema.

“Kama hakuiba,” Keren aliuliza, “juu ya nini anajua pa kutazama?”

Kwa kuwa Keren ndiye aliyesema, hakuna aliyetaka ushahidi mwingine, wala aliyeuliza Abigaïl angeipata wapi namba ya siri. Madame Edith, aliyechoshwa na kelele, hakuitazama simu yake. Alimwambia Abigaïl amlete kaka yake kwa Directeur, mkuu wa shule, Jumatatu, na mpaka siku hiyo asikanyage somo la video. Directeur naye alikuwa na msimamo unaojulikana: mwizi wa mali ya shule hafanyi mtihani katika shule yake. Kwa Abigaïl, aliyekwisha kupoteza mwaka mmoja wa masomo kwa sababu ya vita, hiyo ilikuwa kama kufungiwa mlango usoni.

Kuanzia hapo hakuna aliyekaa naye benchi moja. Akipita, wenzake walifunika kalamu zao kwa mikono. Wakati wa mapumziko walimwimbia “Mwizi wa mega” huku wakipiga makofi. Baada ya masomo walimfuata mpaka Naviundu, na Emery akasimama mbele ya kibanda cha Floribert akiwatangazia wapita njia.

“Musinunue hapa! Ni mega ya wizi!”

Mama mmoja aliyekuwa ameshafungua pochi aliifunga, akavuka barabara. Floribert alitoka nje na fimbo, na watoto wakakimbia wakicheka. Keren hakupiga kelele; hakuwa mtoto wa kupiga kelele barabarani. Lakini alicheka, na Abigaïl alimwona akicheka.

Jumamosi Keren alikwenda kwenye mazoezi ya kwaya ya watoto parokiani. Kiongozi wao, Baba Adrien, alikuwa na utaratibu wake: kila wimbo mpya aliurekodi kwa video, sauti ya kwanza peke yake na ya pili peke yake, akautuma kwenye kundi la WhatsApp la kwaya ili kila mtu ajifunze nyumbani. Siku hiyo aliwaimbisha wimbo mpya, na watoto wakamkodolea macho.

“Hamukutazama video?”

“Hatuna mega, Baba,” walijibu.

Keren peke yake aliuimba wote, bila kukosea. Baba Adrien akapiga makofi.

“Mumuone Keren! Ye anafungua video yote. Mama anakupatia mega mingi, eh?”

Keren alitabasamu, kisha tabasamu likamkauka mdomoni. Mama yake hakuwahi kumpa mega. Simu yenyewe ilikuwa ya zamani ya dada yake Annie, na shuleni ilikatazwa; aliificha ndani ya mfuko wa madaftari kwa sababu siku nyingine alitoka darasani moja kwa moja kwenda kwenye mazoezi. Sasa, video zote zile zilikuwa zimeingiaje?

Alijitenga nje ya ukumbi, akaitazama simu. Kila video ilikuwa imeingia siku ya somo la video la Madame Edith, saa za masomo. Hapo akakumbuka. Siku moja wakati wa mapumziko, alikuwa ameiandika ile namba ya siri kwenye simu yake ili aone picha ya kitambaa kipya cha kwaya. Picha moja tu, kisha akasahau. Simu haikusahau. Kila Madame alipofungua mtandao, simu ilijiunga yenyewe mle mfukoni, ikavuta video za kwaya mpaka moyo ukasimama kwenye shuka.

Keren aliogopa sana. Kidole chake kilisogea kwenye maneno ya kuufuta mtandao ule. Angefuta, basi, nani angejua? Abigaïl alikuwa ameshachukiwa, na watu walikuwa wameshazoea. Wazo hilo lilimtisha kuliko kosa lenyewe, kwa sababu lilikuja kwa urahisi mno. Hakufuta. Lakini Jumapili nzima hakumwambia mtu, na kanisani aliukosea wimbo aliouimba vizuri Jumamosi.

Jumatatu Floribert alifika shuleni. Directeur alimwingiza darasani ili watoto wasikie. Alisimama karibu na ubao, mtu mrefu, koti limefungwa vifungo vyote, na hakungoja kuulizwa.

“Kule tulikimbia bunduki,” alisema. “Hapa munatupiga na midomo. Wateja bangu bote bamekimbia. Na leo munataka kumutoa mutoto kwenye mtihani, bila hata kutazama ile simu?”

“Bwana, upunguze sauti,” Directeur alisema.

“Atoke!” Emery akapaza sauti, na wengine wakaitikia, “Atoke! Atoke!”

Abigaïl alikuwa ameshaanza kukusanya madaftari yake. Keren alisimama. Alitoa simu mfukoni, akaiweka juu ya meza ya mwalimu.

“Madame, mufungue mtandao.”

“Keren! Simu shuleni? Ni ya nani?”

“Mufungue tu, Madame. Tafazali.”

Madame Edith, aliyekuwa amenunua mega nyingine, akafungua. Wote wakangoja. Kisha simu pale mezani ikatetemeka, ikalia, ikalia tena, na video mpya za kwaya zikaanza kuingia moja baada ya nyingine bila mtu kuigusa.

“Ni mi,” Keren alisema. “Sikujua. Lakini tangu Jumamosi najua, na nilinyamaza.”

Darasa likamgeukia. “Mwizi! Keren mwizi!” Emery alipanda juu ya benchi ili asikike vizuri. Walikuwa na furaha ileile, kana kwamba waliletewa chakula kingine. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu, na sasa Keren aliuonja uchungu huo.

“Munyamaze!” Alikuwa Abigaïl. “Musimuite vile.” Kisha akamgeukia Keren, macho makavu. “Lakini mi bado sikusamehe.”

“Abigaïl, unisamehe…”

“Hapa hapana. Ulicheka kule kwa kibanda ya yaya, mbele ya bantu. Uniombe kule.”

Directeur alitaka kusema kitu, lakini Madame Edith alimtangulia. Uso wake ulikuwa umeiva kwa aibu.

“Mutoto amesema kweli,” alisema. “Abigaïl alinionyesha pa kutazama siku ya kwanza. Jibu lilikuwa ndani ya simu yangu, na mimi nikauliza midomo yenu. Atafanya mtihani, na somo la moyo nitalirudia kwa ajili yake. Mchana twende Naviundu, sote.”

Mchana ule darasa zima lilisimama mbele ya kibanda, na wanawake waliokuwa wakipita na mabeseni kichwani wakasimama kusikiliza. Madame Edith alisema wa kwanza, akamwomba Floribert msamaha kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya barabara. Keren akafuata. Alieleza yote, namba ya siri, simu iliyofichwa, kicheko chake pia. Alilia, lakini alimaliza.

Emery, aliyeona jua ni kali na kutaka yaishe haraka, akawageukia wenzake. “Haya, bote pamoja! Mutusamehe!”

“Mutusamehe!” darasa likaitikia.

“Hapana,” Madame Edith alisema. “Projekta haikumuchukia mutu, wala simu. Chuki tuliileta sisi, kwa sababu ni rahisi kunyoosha kidole kuliko kutafuta ukweli. ‘Mwizi’ muliimba kama kwaya. Msamaha hauimbwi na kwaya. Kila mutu aje mbele, aseme kwa kinywa chake. Emery, anza.”

Emery akasogea mbele ya Abigaïl. Alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu wamjue, sauti yake haikutoka.

“Sema,” Abigaïl alimwambia. “Nasikia.”