Ng'ombe Hakwenda Mnadani

Namnyaki alikuwa akikamua ng'ombe wao wa pekee, mwenye mimba, mumewe Yoeli alipopita.

"Mama Yiamat, Jumamosi huyu anakwenda mnadani. Mvua imekaribia na mbegu ya viazi hatuna."

"Na watoto wanywe nini? Tukope, baba."

"Kwa hati ipi? Benki ya mjini walitaka hati ya shamba. Sisi wa Oldonyo Sambu benki yetu ina miguu minne!"

Namnyaki aliendelea kukamua, moyo ukimuuma. Kila Jumatano alinunua hisa za kikoba, kikundi cha akiba cha kijijini, kwa fedha ya maziwa, lakini alidhani ni za kugawana Desemba tu. Mkopo, aliamini, ni wa wenye mali.

Jumatano ile alimweleza shida yake katibu, Mama Tabea.

"Umeweka laki moja," alisema Mama Tabea. "Kanuni yetu inakuruhusu kukopa mara tatu yake. Hati hatutaki. Tunataka wadhamini wawili, nawe urudishe kwa wakati, kwa riba ndogo."

Sanduku la kikoba lina kufuli tatu. Akina mama watatu, kila mmoja na ufunguo wake, walilifungua mbele ya wote. Namnyaki alikuwa ameliona hilo kila wiki. Leo alitazama noti zile za maziwa, mayai na maharage, akaona ajabu kwamba zinamngoja yeye.

"Nani anamdhamini Namnyaki?" aliuliza Mama Tabea.

Walisimama saba. Namnyaki alishika mdomo. Maishani hakuwahi kuona mtu asiye na shamba wala ng'ombe kwa jina lake akiaminiwa hivyo. Machozi yalimtoka, wala hakuyaficha.

Mkopo ulinunua mbegu, ng'ombe akabaki zizini, na viazi vilikubali. Alirudisha mkopo na riba yake. Desemba walipogawana, alipewa fedha nyingi kuliko alizoweka.

"Mama Tabea, umekosea. Hizi za juu ni za nani?"

"Zako. Ni riba mliyolipa wewe na wenzako. Ulitaka iende wapi? Imerudi kwenu."

Nyumbani Yoeli alizihesabu mara mbili, akatazama zizini ndama akinyonya. Akakohoa.

"Mama Yiamat, hivi wanaume nao wanapokelewa?"

"Wanapokelewa. Ila mchelewaji anatozwa faini."

Januari, kikao cha kwanza, Yoeli alifika kabla ya sanduku.