Sukari ya Posa, Mara ya Pili

— Vuta, Josline. Kaza! Hii kitanda si ya kuku kulala.

Josline akavuta kamba huku akicheka. Alikuwa mjane kutoka Uganda, mwenye duka hapo mtaani Gumbo, na kitanda hicho cha kamba kilikuwa cha harusi yao. Mchumba wake, Mzee Yangi, akapitisha kamba chini, akaipandisha, kisha mikono ikasimama.

— Nilifika wapi?

— Juu ya mbili, chini ya moja.

— Najua. Nilikuwa nakupima tu.

Simu ya Josline ikalia. Ujumbe wa Rejoice, binti wa Yangi: "Nimevuka daraja. Leo naondoka na Baba."

Muda si muda boda ikasimama langoni.

— Mama Josline, kaka yako amenipigia akicheka, alisema Rejoice. Jana Baba alimpelekea tena sukari ya posa! Si alishapeleka mwezi uliopita?

— Alipeleka.

— Watu wanamcheka. Nampeleka kwangu Munuki, akae ndani atulie. Ataoaje mtu asiyekumbuka ya jana?

— Kliniki walisemaje, mwanangu?

— Kumbukumbu inapungua. Atembee, aongee na watu, afanye kazi ya mikono.

— Kwako ataongea na nani, ukiwa kazini?

Rejoice akajibu kwa swali lake.

— Na siku akikusahau wewe?

Josline alikuwa akiliogopa swali hilo tangu siku ya posa.

— Ataniuliza jina, nitamwambia. Lakini jana alikuwa na sukari mkononi, na nyumba zote hizi za Gumbo mbele yake. Akaenda kwa kaka yangu. Amesahau kwamba ameposa, Rejoice. Hajasahau anamposa nani.

Yangi akainua kichwa.

— Nimepeleka mara mbili?

— Ndiyo, Baba.

— Na shemeji akapokea zote mbili? Ya salaam! Mimi nimesahau, na yeye je?

Rejoice akacheka mpaka machozi yakamtoka. Akayafuta, akavuta kigoda.

— Basi, abaki hapa. Kliniki nitampeleka mimi mwenyewe.

— Tutampeleka wote.

— Haya. Baba, kamba inapita wapi?

Yangi akaitazama kamba, akatafuta njia yake. Josline akajizuia kumsaidia. Taratibu vidole vya mzee vikaishika kamba, vikaipitisha vyenyewe.

— Chini ya moja, akasema.

Jua lilipozama, nusu ya kitanda ilikuwa bado wazi.

— Tuache hapa. Kesho mtanikumbusha tulipofika.

— Nitakuja mapema, alisema Rejoice, akaifunga ncha ya kamba isifumuke.