Makochi Meupe ya Mama Anitha

Ndugu zangu, sogeeni karibu, hasa ninyi mnaopenda kupanga na kupangua nyumba zenu. Habari hii ni ya Hilda wa Kizota, hapa Dodoma, mke wa Yoramu, yule fundi wa kuchomelea mageti. Majirani humwita Mama Anitha kwa jina la binti yake wa pekee. Nawaambia mapema kwamba mambo hayakuishia pabaya, kwa hiyo atakayetaka kucheka acheke.

Nyumba yao ilikuwa ya kawaida. Jioni Yoramu alirudi kutoka karakana akiwa na masizi mpaka masikioni, akajitupa kwenye kochi kuukuu lililobonyea katikati. Mama yake, Bibi Evelina, waliyemleta kutoka Mpwapwa baada ya kufiwa na mumewe, alikuwa akikaa mlangoni kwenye mkeka, akikifukiza moshi kibuyu chake cha maziwa kwa kijiti chenye moto, kama alivyofundishwa na mama yake. Anitha alilala kifudifudi pembeni ya bibi akifanya kazi za shule. Sebule ilinukia moshi na maziwa ya mgando. Walikula ugali wa uwele kwa mlenda, wakataniana, wakalala.

Basi Hilda akaanza kufuatilia nyumba za watu kwenye simu. Kutafuta mawazo mapya ya kupamba nyumba si kosa, jamani. Nyumba nayo huchoka, na mtu huchoka kuitazama. Lakini nyumba alizozipenda Hilda zilikuwa nyeupe tupu: makochi meupe, mazulia meupe, mapazia meupe. Alizitazama mpaka mate yakamtoka. Hakugundua kwamba katika picha zote hizo hakukuwa na mtu hata mmoja aliyekaa.

Yoramu alipomaliza kazi ya mageti ya hoteli, Hilda alimbembeleza mpaka akakubali. Makochi meupe yakaja. Zulia jeupe likatandikwa, na meza ya kioo ikawekwa katikati. Meupe, Dodoma, na upepo wa Agosti ndiyo kwanza unaanza! Mnaoishi huku najua mmeshaguna.

Vumbi jekundu halikuchelewa. Siku ya pili tu Hilda aliona mkono wa kochi umepata rangi ya chai. Akafunga madirisha yote. Vumbi lilipozidi kupenya akafunga na mlango wa sebule, ufunguo akautia kwenye pochi.

"Sebule ni ya wageni," alitangaza. "Baba Anitha, wewe na hayo masizi yako pitia mlango wa nyuma. Anitha, madaftari yako jikoni."

"Na mimi, mkwe wangu?" Bibi Evelina aliuliza.

"Mama, wewe pumzika tu. Ila hicho kibuyu... ule moshi unashika kwenye mapazia. Labda ukifukizie kule nyuma, karibu na choo."

Bibi aliinuka. Alikunja mkeka wake na kuupeleka nyuma.

Tangu siku hiyo nyumba ilipoa. Yoramu alianza kula kwa mama lishe karibu na karakana, kwa sababu alisema nyumbani hajui aweke wapi miguu yake. Anitha alijibanza jikoni kati ya ndoo za maji. Hilda ndiye pekee aliyeingia sebuleni, naye aliingia kufuta vumbi. Alifuta asubuhi, akafuta mchana, na jioni mgongo ulimuuma kiasi kwamba hakuwa na hamu ya kuongea na mtu. Hata Munira, jirani yake Mrangi wa Kondoa, aliyezoea kuingia bila hodi kuomba kiberiti na kuondoka baada ya saa nzima, sasa alisimama nje ya uzio na kusalimia kwa mbali.

Mwezi wa tisa ukaingia, na kipaimara cha Anitha kikakaribia. Jioni moja ambayo Yoramu alikula nyumbani, Bibi Evelina alisema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Nitangoja sherehe ya mjukuu wangu. Jumatatu narudi zangu Mpwapwa."

Anitha aliacha tonge kwenye sahani, machozi yakamtoka. Yoramu alimtazama mkewe, akainuka, akatoka nje. Hilda alijua kule Mpwapwa nyumba ilikuwa tupu na mama yule angekaa peke yake. Lakini badala ya kusema neno, alijifariji kwamba Jumapili wageni watakapoiona sebule, Bibi naye ataona fahari, atabadili mawazo. Mnaona jinsi mtu anavyoweza kujidanganya?

Jumapili ikafika. Anitha alitoka kanisani akiwa amevaa gauni jeupe, anang'aa kwa furaha, na nyuma yake msururu wa ndugu na majirani wakipiga vigelegele. Hilda alifungua mlango wa sebule kwa madaha.

"Karibuni ndani! Karibuni sana! Viatu tu, naomba mviache hapo."

Wageni walivua viatu, wakachungulia, wakashika vinywa. "Hongera, Mama Anitha! Pamependeza!" Kisha mmoja akakumbuka ana mtoto anayekojoa. Mwingine akasema anapenda hewa ya nje. Munira ndiye aliyesema kweli: "Jirani, mashallah, lakini mimi nimetoka kupika pilau lako. Nikikaa hapo, nitaacha mchoro."

Mmoja mmoja wakazunguka hadi nyuma ya nyumba, alikokuwa Bibi Evelina na mkeka wake. Muda si mrefu kicheko kikasikika, kisha wimbo, kisha miguu ikikita chini na makofi yakipigwa.

Aliyebaki ndani ni mwinjilisti Joel, mzee mpole aliyeshindwa kukataa alipovutwa mkono. Alikalishwa kwenye kochi, ukingoni kabisa, sahani ya pilau magotini, kitambaa chini ya sahani, kitambaa kingine juu ya magoti. Jasho lilimchuruzika. Kila alipopeleka kijiko mdomoni, Hilda alikifuata kwa macho.

Mwishowe mzee aliweka kijiko. "Mama Anitha, samahani. Hao wanaocheka huko nje ni akina nani?"

"Ni wageni, mwinjilisti."

"Basi na mimi naomba niwe mgeni," alisema, akainuka na sahani yake, akaenda.

Hilda akabaki peke yake. Soda zilikuwa zimepangwa kwenye meza ya kioo, hazijaguswa. Ili asilie, alipiga picha ya sebule na kumtumia rafiki yake Swaumu aliyeko Kondoa. Jibu likaja papo hapo: "Pazuri! Hii ni lodge ya wapi? Wana nafasi?"

Alilisoma mara mbili. Alitaka kukasirika, hasira haikuja. Kilichokuja ni aibu, na baada yake upweke mkubwa, kwa sababu nyuma ya ukuta huohuo mtoto wake alikuwa akiimbiwa na yeye hayupo.

Wakati huo upepo ukavuma. Mnaujua upepo wetu wa Septemba, haubishi hodi. Vumbi liliinuka kutoka barabarani likajaa uani, turubai likang'oka upande mmoja, akina mama wakafunika masufuria kwa khanga zao. Wageni walianza kuaga. "Tutakula siku nyingine," walisema, huku wakikusanya watoto. Anitha alisimama katikati ya uwanja, kilemba chake kimepeperushwa, akitazama sherehe yake ikivunjika.

Hilda akatoka mbio.

"Hakuna kuondoka!" alipiga kelele. "Ingieni ndani! Wote! Na viatu vyenu! Munira, leta sufuria la pilau, tua mezani. Baba Anitha, mkeka wa mama uko wapi? Tandika juu ya zulia!"

Watu walipigwa na butwaa, lakini vumbi halikuwapa muda wa kujadili. Waliingia kwa kusukumana, vicheko vikiwatangulia. Sufuria lenye masizi likatua juu ya kioo. Watoto wakajaa kwenye zulia. Hilda alimshika Bibi Evelina mkono na kumkalisha katikati ya kochi kubwa, na kibuyu chake kifuani.

Kisha akapiga magoti mbele yake, palepale mbele ya watu. "Mama, nisamehe. Usiende. Hii ni nyumba yako."

Bibi alimshika bega. "Sikukasirika, mwanangu," alisema. "Nilidhani kila ninapopita nachafua."

Hilda alilia waziwazi. Bibi alipoinama kumfuta machozi, kibuyu kikainama naye, na maziwa yakamwagika. Yalishuka kwenye mto, yakapita ubavuni mwa kochi, yakafika kwenye zulia yakiwa yamebeba vumbi njiani.

Munira alifumba macho.

Hilda aliitazama michirizi ile, akashusha pumzi ndefu. "Afadhali," alisema. "Nilikuwa nimechoka kuyalinda haya makochi."

Kicheko kilichofuata nadhani kilisikika mpaka Hombolo. Yoramu, ambaye kwa wiki kadhaa hakukanyaga chumba kile, alijitupa kwenye kochi na suruali yake yenye vumbi, akanyoosha miguu, akamvuta Anitha pembeni yake. Wimbo ukaanza upya, mwinjilisti Joel akiuongoza kwa sauti ambayo hakuna aliyejua anayo.

Vyombo vilipokuwa vikikusanywa, Bibi Evelina alipapasa kochi kwa kiganja, akatikisa kichwa. "Jumatatu siwezi kusafiri. Nina kazi."

"Kazi gani, Mama?" Hilda aliuliza huku akiogopa kutumaini.

"Kuyashonea haya makochi nguo. Meupe hivi, Dodoma! Nani aliwashauri?"

Walishona pamoja, vitenge vya rangi ya udongo wetu. Nyungo na vikapu vya Bibi vikapanda ukutani, madirisha yakafunguliwa. Munira anaingia tena bila hodi. Na Swaumu alipotumiwa picha mpya, imejaa watu hata makochi hayaonekani, aliuliza anaweza kuja lini.

Funzo

Akina mama, na akina baba mliosimama nyuma mkijifanya hayawahusu: pambeni nyumba zenu, tafuteni mapya, macho yenu yafurahi. Lakini kabla ya kununua kitu, watazameni wanaoishi humo ndani, jioni wanakaa wapi na wanapenda nini, kisha anzieni hapo. Chombo kinachomfanya mzee wenu ajione uchafu, au kinachomfukuza mume akale barabarani na mtoto asome kati ya ndoo, hicho hakijaipamba nyumba, kimeivunja. Na kama mmeshakinunua, msikate tamaa. Fungueni mlango, ingizeni watu wenu, na maziwa yakimwagika, chekeni.